Neno la Mpiga Ngoma

Siku Mzee Guk Pansok alipotoka kwenda kutafuta choo cha shimo, tarafa nzima ilikuwa haina hata kimoja. Vyote vilikuwa vya kuvuta maji, vyeupe pepepe, na vingine vilimpasha mwenye nyumba joto makalioni wakati wa baridi. Aliuliza sokoni, akamuuliza fundi bomba, akafika hadi ofisi ya kijiji, ambako msichana wa mapokezi alimwelekeza kwa adabu kwenye choo cha wageni, mkono wa kushoto.

Hakuwa amebanwa. Alitaka dawa. Waimbaji wa zamani wa kusini kule, koo likivimba hadi sauti ikakatika, walikuwa na tiba moja waliyoiamini. Walichukua pingili ya mwanzi, wakaiziba mdomo kwa majani ya msonobari, wakaitumbukiza chooni ikae miezi, mpaka ndani yake yakajikusanya maji yaliyojichuja yenyewe. Yananywewa pua ikiwa imezibwa. Mzee Guk aliyanywa mara mbili ujanani, kabla hajaacha kuimba akashika ngoma, na mpaka leo yuko hai, ana miaka sitini na minane na meno yake mengi.

Sasa koo lililovimba lilikuwa la Yondu, binti yake wa pekee. Yondu alikuwa Seoul, mwimbaji wa bendi iliyozichukua nyimbo za mashambani za kwao Damyang ikazichanganya na gitaa la besi, ngoma za Kizungu na mitambo ya disko. Baada ya wiki sita bendi hiyo ilikuwa ipande jukwaa kubwa ng'ambo, kule Rotterdam. Jumanne alipiga simu nyumbani, mama yake akaweka sikio, akasikia kama upepo tu.

"Yondu? Sema basi mwanangu, sikusikii!"

"Mama," upepo ule ukasema, "daktari anataka kunikata."

Kulikuwa na vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti. Daktari alisema vikiachwa, sauti itakwenda moja kwa moja na isirudi. Operesheni ilipangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Si ugonjwa ule," Mzee Guk alimwambia mkewe, Okbun. "Ile ndiyo sauti yenyewe. Akivikata, mtoto atabaki na nini?"

Alijua anachokisema, kwa sababu vinundu vile alivipanda yeye kwa mkono wake. Yondu alikuwa na miaka sita alipoanza kumsimamisha mbele ya maporomoko ya maji nyuma ya kijiji, aimbe mpaka ayashinde maji. Mate yakitoka na damu, baba mtu alifurahi. Kwa watu wa nyimbo zile sauti laini si sauti. Wanataka iliyochanika ikapona, ikachanika tena ikapona, mpaka ikimwingia msikilizaji imkwaruze.

Okbun alikuwa anachemsha mapeari na asali jikoni, na mvuke ulikuwa umemlowesha uso, au pengine haukuwa mvuke. "Baba Yondu," alisema, "mtoto ana miaka thelathini na moja, ana daktari wake amesoma. Wewe unaniletea habari za kinyesi?"

"Mimi nilipona kwa kinyesi. Na mwalimu wangu alipona."

"Mwalimu wako alikufa."

"Si kwa koo!"

Choo alikipata siku ya tatu, juu mlimani kwa Bibi Pilrye, kikongwe wa miaka tisini aliyekataa kuletewa bomba la serikali kwa sababu, alisema, linalia usiku. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya vitunguu saumu, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"We kijana Pansok, una bahati. Mle chooni mna mwanzi uliokomaa. Niliutia mume wangu alipoanguka kutoka kwenye mti wa mpersimoni, mwili mzima umevilia damu, maana hata hilo dawa hii hulitibu. Akafa kabla haujawa tayari. Nikaona uvivu kuutoa."

"Mwanzi huo umekaa mle muda gani?"

"Miaka tisa."

"Loo, Bibi! Si imekuwa divai hiyo!"

"Divai ya mume wangu. Chukua. Nani anakunywa?"

"Yondu."

Kicheko kilimkauka bibi kizee. Yondu alimjua; aliwahi kumwona kwenye televisheni ya zahanati, amevaa suruali ya kuchanika magotini, anaimba wimbo wa kupandikiza mpunga, na wazee wote waliokuwa wamepanga foleni wakanyamaza. Aliingia ndani, akatoka na chupa ya kioo iliyooshwa na kitambaa safi cha kuchujia. "Mwambie azibe pua," alisema. "Na mwambie asicheke, ikimpalia atajuta."

*

Ndani ya basi kutoka Damyang hadi Seoul, Mzee Guk aliipakata chupa ile kwenye mfuko, ameizungushia magazeti, pamoja na kimchi, ile achari kali ya figili, na mapeari ya Okbun. Harufu ilikuwa ya kimchi, wallahi, lakini mwenyewe kila mara alidhani ni ya chupa, na mama mmoja alipohama kiti alijisikia vibaya mpaka masikio yakamwaka.

Chumba cha mazoezi kilikuwa chini ya ardhi, chini ya duka la kuku wa kukaanga. Kiongozi wa bendi, Tak Hyonu, mpiga besi mwenye nywele za rangi ya majivu, aliinama sana akaupokea mfuko kwa mikono miwili. Yondu alikuwa kochini. Amekonda. Shingoni alikuwa amening'iniza kibao cha kuandikia cha watoto, kile cha kuvuta ukingo maandishi yakafutika, kwa sababu daktari alimkataza hata kunong'ona.

Aliandika: *Baba! Umekula?*

"Nimekula." Hakuwa amekula. "Wewe je?"

Yondu aliitikia kwa kichwa, naye pia alikuwa anadanganya.

"Mwalimu, usiwe na wasiwasi," Hyonu alisema akivuta kiti. Alimwita Mwalimu kwa heshima ya kweli, tumpe haki yake; hakuwa kijana mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. "Rotterdam haina shida. Hata sauti ikichelewa kurudi, tunayo akiba. Hebu sikiliza."

Alibonyeza kitufe kwenye mtambo wake. Sauti ya Yondu ikatoka spika za ukutani, ile yenyewe, nene, ya kukwaruza, mstari wa kwanza wa wimbo wa kupandikiza mpunga aliofundishwa Mzee Guk na shangazi yake. Nywele za mikononi zilimsimama mzee. Alimtazama binti yake: midomo imefumbwa, anachezea ukingo wa kibao.

"Hii ni siku ile tuliyokuja kurekodi kwako sebuleni, miaka mitatu iliyopita," Hyonu alisema. "Nimeikata neno kwa neno. Naweza kuipandisha, kuishusha, kuifanya iimbe hata kitu ambacho hajawahi kuimba. Na wewe pia umo, Mwalimu. Yale maitikio yako yamegandana na sauti yake, nimeshindwa kuyatoa. Kwa hiyo nimeyaacha."

Akabonyeza tena. Spika zikapiga kelele, "Chotta!" na Mzee Guk akashtuka kusikia koo lake mwenyewe.

Chotta maana yake ni vizuri. Ndilo neno la mpiga ngoma: mwimbaji akiifikisha sauti panapotakiwa, mpiga ngoma humrushia neno hilo, naye hulipokea kama mtu aliyepewa maji juani. Lakini halitolewi kwa huruma. Yondu alipokuwa na miaka kumi na mmoja, kwenye mashindano ya watoto, Mzee Guk alimpigia ngoma mwanzo hadi mwisho bila kusema chotta hata moja. Mtoto alilia njia nzima kurudi nyumbani. "Siku utakayoimba vizuri nitasema," baba yake alimwambia, "na siku hiyo utajua ni kweli." Alikuwa na miaka kumi na saba siku ilipofika.

Huku nyuma, Sebin, msichana mpiga ngoma za Kizungu, alikuwa anapanga vitu vya mzee kwenye friji. Akainyanyua chupa kwenye mwanga. "Ah, hii ndiyo ile pombe ya mwanzi ya Damyang? Mwalimu, naonja kidogo tu!" Na tayari alikuwa ameshamimina kwenye kikombe cha karatasi.

"Usinywe!"

Matoazi yalilia yenyewe kwa ukali wa sauti ile. Wote wakageuka. Mzee Guk alitafuta neno la heshima la kukiita kitu kile mbele ya vijana wa Seoul, akalikosa.

"Ni dawa ya koo. Ni… maji ya chooni. Yamechujwa."

Mpiga kinanda akacheka puani, Sebin akakiweka kikombe mezani akikimbiza mkono kama kimemng'ata, na Hyonu akauma mdomo akitazama dari. Mpiga kinanda alikuwa ameshatoa simu. "Mwalimu, samahani, unaweza kurudia kidogo? Jinsi inavyotengenezwa. Watu wa ng'ambo wataipenda mno hii."

Na Mzee Guk, ambaye maisha yake yote watu walimwomba arudie nyimbo tu, akakohoa, akajiweka sawa kitini, akaanza kurudia. "Unachukua pingili ya mwanzi…"

Yondu aliinuka. Hakuandika kitu. Alikwenda mezani, akakichukua kile kikombe cha karatasi, akaziba pua kwa vidole viwili, akanywa mpaka tone la mwisho mbele ya wote. Simu ikateremka. Aliweka kikombe chini polepole, akatoka kwenda kwenye korido, na Mzee Guk akamsikia anatapika, kutapika kusikokuwa na sauti, pumzi tupu zinagonga ukuta. Alitaka kumfuata. Hakuinuka.

Aliporudi alikuwa amenawa uso. Aliandika: *Asante, Baba.* Akavuta ukingo, maneno yakafutika. Akaandika tena: *Ijumaa nakwenda.*

*

"Safi kabisa," daktari alisema Ijumaa jioni. Alikuwa kijana mpole, na alikuwa na haki ya kufurahi, kazi ilikwenda vizuri. Aliwaonyesha Mzee Guk na Okbun picha ya nyuzi mbili nyeupe, nyororo. "Anyamaze wiki mbili. Sasa ana koo kama la mtoto mdogo."

Okbun aliinama mara tatu, akamtwisha mfuko wa mapeari.

"Daktari," Mzee Guk aliuliza, "ile mikwaruzo yake… itarudi?"

"Hapana, Mzee, usiogope! Tumeiondoa yote."

Mzee Guk naye akainama, akamshukuru. Angefanya nini?

*

Wiki mbili nyumba yao ilikaa kimya kuliko wakati wowote. Yondu alilala kwenye sakafu iliyopashwa moto kwa chini, alikula uji, alimsaidia mama yake kuchambua majani ya ufuta. Mzee Guk alijipa kazi za uani ambazo hazikuwepo. Mara kwa mara alipita karibu na kabati lenye ngoma, akaugusa mlango wake, akaondoka. Ile chupa, iliyobaki robo tatu, Yondu alikuwa amerudi nayo kutoka Seoul akaiweka juu ya rafu ya viatu, na hakuna mtu aliyethubutu kuimwaga wala kuitaja.

Siku ya kumi na tano, wakati wa kifungua kinywa, Yondu alisogeza bakuli lake. "Mama, niongezee wali."

Okbun aliangua kilio cha furaha, mwiko ukamdondoka. Kijiko cha Mzee Guk kilisimama njiani. Sauti ilikuwa nzuri. Ilikuwa safi, nyepesi, imenyooka, kama ya yule msichana anayetangaza vituo ndani ya basi. Hakuwahi kuisikia maishani mwake.

"Tujaribu, Baba?" Yondu alisema. Alikuwa ameshaisikia mwenyewe. Macho yalikuwa yanamwomba baba yake aseme hakuisikia.

Ngoma ikatolewa. Okbun alikaa karibu na mlango, mikono mapajani kama mgeni. Mzee Guk alipiga kuingiza, mkono wake ulijua njia, na Yondu akasimama katikati ya sebule akaanza:

*Maji ya shamba yamenifika magotini,*
*mama mkwe yuko ukingoni anahesabu miche,*
*kwetu ni kule, kule kwenye moshi ule…*

Mahali penyewe ni penye neno *moshi*. Hapo sauti hupanda, hujichana, hubaki inaning'inia, na mtu yeyote aliyewahi kuondoka kwao hugeuka kufuta macho. Miaka kumi na minne Mzee Guk alimwitikia hapo, wala si kwingine. Leo alijua tangu mstari wa kwanza kwamba hapo hapatakuwa na kitu. Aliona neno hilo linakuja, akaogopa, akaogopa kama mtu anayeona gari limekata breki na mtoto wake yuko barabarani. Alitaka kumpa chotta yake mapema, kabla hajafika, kabla wote wawili hawajasikia.

"Chotta!" alipaza sauti, Yondu alipomaliza neno *magotini* tu.

Yondu akakatiza wimbo.

"Endelea, endelea mwanangu."

"Baba. Hapo hujawahi kuniitikia."

"Leo umeniingia mapema."

"Baba," alisema kwa ile sauti yake nzuri, "nilikuwa navuta pumzi tu."

Kijiti cha ngoma kilibaki hewani, kisha kikashuka chenyewe. Mzee Guk alitazama ngozi ya ngoma. Alikuwa amelitunza neno lile maisha yote kama watu wanavyotunza heshima ya nyumba, hata mtoto wa miaka kumi na mmoja hakumhonga nalo, na sasa alikuwa amelitupa kwa pumzi. Aliona aibu, na huruma yake kwa Yondu ilikuwa kubwa kuliko aibu, na hakikuwepo chochote cha kufanya kwa ajili ya hayo mawili.

"Mbona nzuri jamani?" Okbun alisema, akiwatazama mmoja mmoja. "Mimi nimeipenda."

"Ndiyo, Mama. Ni nzuri." Yondu alichukua simu yake dirishani, akapiga palepale, amewapa mgongo. "Hyonu? Mimi. Ndiyo, imerudi… Hapana. Hapana, sikiliza. Tumieni akiba. Yote. Ndiyo, wimbo mzima."

Mzee Guk alingoja akate simu. "Usiende."

"Watu sita wanakula kwa koo langu, Baba. Sahihi nimeshatia."

"Utasimama pale ufanye nini?"

"Nitafumbua mdomo."

Alisema bila hasira, na Mzee Guk alitamani angekasirika. Angemtupia maporomoko ya maji, na damu, na ile miaka yote, naye mzee angekuwa na kitu cha kujibu. Badala yake Yondu alipiga magoti, akaichukua ngoma, akaifuta vumbi kwa mkono wa sweta yake, akaivisha mfuko wake wa kitambaa na kuufunga kamba vizuri, kama alivyofundishwa.

*

Kule Rotterdam ilikuwa bado jana usiku. Damyang palikuwa pameshapambazuka, na kuku wa jirani wanapiga kelele. Okbun aliegemeza simu kwenye bakuli la kimchi, juu ya meza ndogo, wakakaa bega kwa bega kutazama matangazo. Bibi Pilrye alikuwa ameteremka mlimani kwa makusudi, amevaa nguo zake za sikukuu.

"Mbona wadogo hivi?" bibi aliuliza.

"Ni simu ndogo, Bibi."

"Dawa yangu imefanya kazi?"

"Imefanya," Mzee Guk alisema. Siku hizi uongo ulikuwa unamtoka kwa urahisi.

Taa zikawaka za bluu. Hyonu akaanza na besi, nzito, mpaka vijiti vya kulia chakula vikatetemeka mezani. Sebin akaingia na ngoma zake. Umati ulikuwa mkubwa, vichwa hadi mwisho wa jicho. Yondu akatokea na gauni jeupe la kufika miguuni, akaishika maiki, na ile sauti ikatoka. Nene, iliyochanika, ya miaka mitatu iliyopita. Wazungu wakapiga mluzi kwa furaha.

"Ndiye huyo! Ndiye mtoto wetu!" Bibi Pilrye alipiga goti lake. Okbun alikuwa anatazama midomo ya bintiye. Ilikuwa inakwenda sawasawa, alijitahidi, mtu asingejua. Okbun alijua, akaanza kulia bila kufuta machozi.

*Maji ya shamba yamenifika magotini,* simu iliimba. *Mama mkwe yuko ukingoni…*

Mzee Guk hakuwa ameitoa ngoma. Lakini kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeanza kupiga paja, taratibu, hakikumwomba ruhusa. Sauti ilipanda. Aliijua njia yake yote, aliitengeneza yeye, ngazi kwa ngazi. *Kwetu ni kule, kule kwenye moshi…* Ikajichana palepale, ikaning'inia, na kifua cha mzee kikajaa kama zamani, bila huruma ndani yake, bila uongo. Alivuta pumzi, akafumbua mdomo ili aitikie.

"Chotta!" mtambo ukapiga kelele kule Rotterdam.

Kwenye kioo cha simu, Yondu aligeuza kichwa ghafla, akatazama nyuma yake, chini, upande wa kushoto, pale baba yake alipokuwa akikaa na ngoma siku zote. Palikuwa na spika. Midomo yake ilisahau kwenda. Wimbo ukaendelea bila yeye, mstari mzima, na umati ukashangilia.

"Eh, Pansok," Bibi Pilrye alisema, akimgeukia kwa mshangao, "si wewe huyo?"

Mzee Guk alikuwa bado amefumbua mdomo.